Fundi Aliyedai Machela Zote

Mwaka juzi, afisa wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya kitu alichobuni, alifika Sumbawanga kupokea maombi. Mbele yangu kwenye foleni alisimama fundi na machela yake yenye springi za kumkinga mgonjwa na mitikisiko ya barabara ya Mtowisa. Springi zile zilikuwa jambo jipya kabisa. Dai lake, hata hivyo, lilisema: “Kifaa chochote cha kubebea mgonjwa, chenye miti miwili.”

“Baba, kwa kifaa hicho hata bibi yangu alibebwa,” afisa akamwambia kwa upole. “Dai springi.”

“Nikidai springi tu, mama, wengine watatengeneza machela zisizo na springi.”

“Wanazitengeneza tangu zamani.”

Fundi akakunja mikono. “Libaki hivyohivyo.”

Likabaki, likakataliwa. Leo kila fundi mjini anafunga springi zile bila kuvunja sheria, na wagonjwa wa Mtowisa wanasinzia njiani. Sijaona mtu mkarimu kama yule.