Pacha Asiyekuwemo Kwenye Sinema

Watu walimwita Sauti. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo liliwashangaza wasiomjua, maana kazi zake zote mbili zilikuwa za mdomo. Jumatatu hadi Ijumaa alikaa kwenye dirisha la zahanati akiita wagonjwa, kwa kuwa daktari alikuwa na sauti ya mbu na watu walipitwa na zamu zao wakiwa wamekaa palepale. Jumamosi mchana alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya runinga kubwa ya ukumbi wa video, akashika maikrofoni na kutafsiri sinema.

Kiingereza chake hakukipata shuleni. Alikiokota ghalani, alikokuwa akihesabu makasha kabla ya kwenda zahanati, kwa kusoma maandishi ya makasha na kumsikiliza dereva mmoja mgeni aliyetukana tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana hakuna tusi lililompiga chenga. Mizaha ndiyo iliyompita, kwa sababu yule dereva hakuwa na mzaha hata wa dawa.

Tena alikuwa na mwiko wake. Hakuitazama sinema kabla ya siku yake. Watafsiri wa mitaa mingine waliitazama mara mbili na kuandika kwenye daftari. Sauti alisema hao wanapasha kiporo. Yeye alitaka ashtuke pamoja na watu.

Benchi la mbele, upande wa spika, lilikuwa la shangazi yake. Huyo ndiye aliyemlea. Macho yake yalikwenda kidogo kidogo kwa presha ya macho, mpaka siku moja akiwa anachambua mchele akauliza nani amezima taa, na ilikuwa saa nne asubuhi. Siku mbili hakusema neno. Siku ya tatu akasema, "Na sinema zangu je?"

"Utaziona kwa mdomo wangu, shangazi," Sauti alimwambia. "Nitakachokuambia ndicho kilichopo."

Tangu hapo Jumamosi haikumpita. Alikaa ameweka kiganja juu ya spika ili bunduki zimpigie mkononi, na alimtukana adui kuliko mtu yeyote ukumbini. Wiki nzima Sauti alimsomea chupa za dawa, barua na maneno ya simu. Kwa shangazi, alichokisema Sauti kilikuwa kimeonekana.

Basi Jumamosi moja mwenye ukumbi akaleta sinema mpya ya kijasusi. Mwenye ukumbi huyo watu walimwita Mama Benchi, kwa kuwa benchi zote alizigongelea misumari kwa mkono wake. Steringi wa sinema hiyo, yaani shujaa wake, alikuwa jasusi wa suti. Suti ya rangi ya pichi, imemkaa utadhani amemiminiwa. Anapigana na watu sita ngazini, suti haikunjiki. Anaruka dirishani, suti haikunjiki. Adui wake alitaka kusimamisha saa zote za dunia ili watu wote wachelewe isipokuwa yeye.

"Ndugu watazamaji," Sauti alinguruma, "dunia iko mashakani."

Dakika ya ishirini, steringi akaanguka kutoka roshani ya hoteli, ghorofa ya kumi na moja, na sinia la glasi mkononi. Kisha likaonekana jeneza, na wanawake wanane wanalia, kila mmoja hataki kumwangalia mwenzake. Sauti akashusha sauti yake mpaka chini kabisa. "Amekwenda. Daktari amethibitisha. Lala salama, jemadari, kazi umeimaliza."

Shangazi akatoa leso.

"Steringi hafi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Hiyo ni sheria ya kumbi zote za video, hata mtoto wa chekechea anaijua.

"Huyu amekufa," Sauti akamjibu kwa maikrofoni. "Mnataka nimfufue mimi?"

Hakuwa amemaliza vizuri, na pale kwenye runinga steringi yuleyule alikuwa amekaa mgahawani katika mji mwingine, suti ya kijivu, anakoroga chai. Mzima kama kigae kipya. Watu zaidi ya sabini wakageuza shingo kumtazama Sauti. Mtu mwingine angesema, nimekosea. Lakini alikuwa ameshamzika, ameshamliza shangazi yake. Ulimi ukateleza kabla ya akili.

"Huyu," akasema, "ni pacha wake."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga benchi, walikumbatiana. Pacha amekuja kulipa kisasi! Fundi simu tu, kijana wa miwani aliyekuwa na kibanda mkabala na zahanati, ndiye aliyesimama.

"Pacha gani? Ni yuleyule! Mimi nimeshaiona kwenye simu!"

"Kaa chini, profesa!"

"Kama umeiona umekuja kufanya nini?"

Robo saa haijapita, pacha naye akatumbukia kwenye bwawa la papa, na baada ya papa kuondoka akatokea jangwani na suti ya kijani, nywele zimechanwa. Sauti akaivuta maikrofoni karibu. "Mama yao," akasema, "alizaa watatu."

Tangu wazazi wa mtaa ule wazaliwe, hapakuwahi kuwa na sinema kama ile.

Jumatatu kwenye dirisha la zahanati hakukukalika. "Namba kumi na nane!" Sauti akaita.

Namba kumi na nane alikuja, mama wa makamo, ameshika mgongo. "Kabla ya mgongo, baba, niambie. Yule wa kijani alijua kwamba wenzake wamekufa, au hakujua?"

"Namba kumi na nane, chumba cha pili."

"Hakujua," akasema namba ishirini kutoka kwenye foleni. "Angejua asingecheka."

"Alijua! Mapacha hujuana hata wakiwa mbali. Mmoja akiumwa jino, mwenzake anavimba shavu."

"Mimi namtaka wa kijivu," akasema nesi akipita na sinia la sindano. "Anakoroga chai kwa adabu."

Fundi cherehani wa mtaa alishachukua oda nne za suti, pichi moja, kijivu tatu, na alikuwa anauliza kama wa kijani alikuwa na vifungo viwili au vitatu. Sauti alijibu kila mtu kwa namba ya chumba. Ndani alikuwa anachemka. Jioni yake alivunja mwiko. Aliazima flashi ya sinema kwa Mama Benchi, akaitazama peke yake mwanzo hadi mwisho kwa spika za masikioni.

Ilikuwa mzaha. Sinema nzima, tangu jina lake mpaka orodha ya wapishi wa wachezaji. Steringi hakufa hata mara moja. Kutokufa kwake ndiko kulikokuwa utani wenyewe: waliotengeneza walikuwa wanaicheka sheria ileile ya steringi hafi. Na yeye, mtu mzima, amekwenda kuisomea dua.

Kesho yake alirudi nyumbani akamkuta fundi simu mlangoni anaaga, amekuja kutengeneza redio ya shangazi. Shangazi alikuwa amekaa, redio inaimba, hasikilizi.

"Fundi anasema hakuna pacha."

Sauti akavua viatu taratibu kuliko kawaida.

"Nimekuuliza."

"Shangazi, ile sinema ilikuwa na utata."

"Sikuuliza utata. Nimemlilia mtu pale, mbele za watu, mpaka kamasi. Alikuwepo au hakuwepo?"

"Hakuwepo."

Redio ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine.

"Miaka kumi na miwili," shangazi akasema. "Sasa mimi nitajuaje? Chupa uliyoniambia ni ya presha, ni ya presha? Barua ya mdogo wangu kwamba amepona, amepona?"

"Amepona, shangazi! Wallahi."

"Usiniapie. Jumamosi sinema inarudiwa. Nitakaa pale. Utaniambia kilichopo, mwanzo hadi mwisho. Ukinichanganyia tena, nitamwomba yule fundi anisomee hata dawa."

Sauti akalala na hayo. Aliamka nayo.

Jumamosi Mama Benchi alimkuta mlangoni. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, wengine wametoka mitaa ambayo hata haikujulikana ina watu. "Mdogo wangu," akamwambia, "wote hawa wamekuja kwa mapacha. Usinivurugie."

"Mapacha hawapo, Mama Benchi."

"Walikuwepo wiki iliyopita."

Sauti akapita, akakaa. Shangazi alikuwa ameshaweka kiganja kwenye spika, uso hauonyeshi kitu. Sinema ikaanza na Sauti akatafsiri kama karani wa mahakama: neno kwa neno, hakuna kunguruma. Watu wakaanza kunong'ona. Dakika ya ishirini, steringi akaanguka kutoka roshani.

"Anaanguka," Sauti akasema. "Lakini hafi. Msilie. Mtamwona sasa hivi na suti ya kijivu. Ni mzaha."

"Aaaah!"

"Umetuharibia!"

"Sasa mbona unasema kabla?" Huyo alikuwa fundi simu, naye amekasirika kabisa. "Ukweli nao una muda wake, bwana!"

"Wewe si ndiye uliyetaka ukweli?"

"Siyo hivyo!"

"Pacha! Pacha! Pacha!" Benchi za Mama Benchi zilipigwa mpaka misumari ikachomoza. Wageni wa mbali wakaanza kuuliza mbona wameambiwa kuna mapacha. Sauti alijaribu kueleza kwamba utani uko katika kufa na kurudi, kwamba ni mtu mmoja, kwamba hilo ndilo tamu lake. Hakusikika. Mzaha ukishauelezea ni kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa, hakuna anayeuliza aliwikaje.

Mama Benchi akaja, akanyoosha mkono. Sauti akampa maikrofoni. Mama Benchi akaangaza ukumbini na kumpa mtu pekee mwingine aliyejua Kiingereza. Fundi simu akairekebisha miwani yake, akakohoa, akatazama zile nyuso zote zinazomngoja. Steringi alikuwa anakoroga chai.

"Ndugu watazamaji," fundi simu akasema, "huyu ni pacha wake!"

Kelele zilizopigwa zilitikisa mabati. Sauti alitaka kutoka. Alifika hata usawa wa mlango, kisha akarudi akipitia magoti ya watu, akajibana kwenye benchi la mbele.

"Ni wewe?" shangazi akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi."

"Basi sema."

Akasema, mdomo karibu na sikio lake. Steringi anamwambia mhudumu chai ni baridi. Mhudumu anatoa kisu. Steringi anasema, nimeomba kijiko. Ukumbi wote ukacheka. Shangazi hakucheka.

"Kinachochekesha nini?"

"Ameomba kijiko, kaletewa kisu."

"Amekosea oda. Hilo la kucheka?"

Wakaendelea. Anasema hivi, anajibiwa vile. Kila ukumbi ulipoangua kicheko, shangazi aliuliza, na kila Sauti alipoeleza, maelezo yalikuwa makavu kama mkate wa juzi. Alirudia, akaongeza sauti, watu wa nyuma wakamwambia anyamaze. Yeye, kunyamaza, katika ukumbi ule!

"Yule wa pacha alikuwa bora," shangazi akasema mwishowe. "Huyu mtu mmoja asiyekufa ana faida gani? Mimi sioni utani wowote."

"Shangazi, utani wake ni wa kuona kwa macho!" ilimtoka kwa hasira.

Kama angeweza, Sauti angeyameza maneno yale pamoja na benchi lenyewe. Shangazi aliondoa kiganja kwenye spika akakiweka mapajani.

"Basi acha kunisomea midomo yao," akasema. "Maneno nimeyasikia. Uso wake ukoje?"

Sauti akatazama runinga. Miaka kumi na miwili alikuwa anawinda maneno, yasimtoroke. Uso wa mtu aliutazama kwa haraka tu kujua nani anaongea. Sasa akauangalia.

"Ana nyusi," akasema.

"Kila mtu ana nyusi."

"Hapana, hii ya kushoto. Kila akidanganya inapanda peke yake, taratibu, kama paka anayepanda kabati wakati mwenye nyumba amekaa palepale. Mdomo unasema nimekuja kwa amani, na nyusi iko juu. Sasa adui ameiona. Adui naye anajaribu kuipandisha ya kwake. Haipandi. Anaisukuma kwa kidole."

Kitu kikatoka puani kwa shangazi, kifupi, kama mtu aliyepaliwa.

"Anaisukuma kwa kidole?"

"Kidole cha kati. Na walinzi wake nyuma, mmoja baada ya mwingine, wote sasa wanajaribu."

Sasa shangazi alicheka wazi, mabega yanaruka. Lakini mlio mkubwa ukapiga na ukumbi ukapiga yowe, naye akamshika Sauti mkono. "Nini hiyo? Nani kapigwa?"

"Ngoja, bado niko kwenye nyusi."

"Nani kapigwa, wewe!"

Hakujua. Alikuwa amepitwa na daraja zima, na magari mawili, na labda mwanamke mmoja. Ilimkera mpaka meno. Nyuso ni nyingi na mdomo mmoja. Ukisema nyusi, risasi inakupita, ukisema risasi, nyusi imeshuka. Kwenye maikrofoni fundi simu, koo limeanza kukwaruza, alikuwa amechanganyikiwa na suti ya zambarau, na akatangaza kwamba mama yao, ndugu watazamaji, alizaa wanne.

"Huyo wa nne," shangazi akaanza.

"Hayupo, shangazi."

"Najua hayupo. Nauliza amevaaje."