Ng'ombe wa Mtama

Upumbavu wenyewe ulikuwa huu: nilichukua mbegu za mama nikazigandisha ukutani. Tena nilizisugua kwanza kwa maji ili zing'ae.

Mbegu zile bibi, mzaa baba, alimkabidhi mama siku tulipohama Bukombe kuja Shinyanga mjini. Ni mtama mwekundu ambao huuoni katika duka lolote. Kila mwaka ukivunwa, kiasi hurudi kwenye kibuyu, huchanganywa na majivu wadudu wasisogee. "Hizi zikikupotea," bibi alimwambia, "mtama wa nyumba hii umekwisha mikononi mwako." Basi kibuyu kikaning'inia kwenye pembe ya chumba chetu cha kupanga, na mama, aliyepewa kishamba nyuma ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, akawa anangoja mvua.

Mvua ikagoma. Mama alikuwa akitoka uani, anatazama mawingu, anarudi, anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa. Baba alikuwa Nyarugusu akitafuta dhahabu, nasi tukimtafuta yeye. Shule imefungwa. Mimi nakaa, nasimama, nakaa tena, nazitazama kuta zilizojaa moshi na vidole vya wapangaji waliotutangulia. Jirani wa chumba cha pili alikuwa na kalenda ya mwaka juzi, yenye picha ya mlima, akaigeuza kuwa cheo. "Kwenu kama stoo ya jineri," aliniambia. "Hata picha ya kuku hamna!"

Nikaona dawa yake ni ng'ombe.

Nikapasua boksi la sabuni, nikachora kwa mkaa, nikapika uji mzito wa unga wa muhogo uwe gundi. Choroko za jikoni zikawa majani, kunde moja nyeusi ikawa jicho. Mwili ulitaka wekundu, na wekundu ulikuwa kwenye kibuyu. Nilikusudia kuchota konzi moja tu. Lakini tumbo la ng'ombe wa Kisukuma halishibi; nikarudi, nikarudi tena, hadi nikawa napapasa majivu matupu. Nikayajazia mengine ya jikoni, nikafunga, nikakitundika kibuyu, na ng'ombe nikambandika ukutani.

Mama aliporudi sokoni alisimama mlangoni na kapu lake kichwani.

"Mayu! Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama. Mtama nimeokota sokoni, kwenye takataka walizofagia wauza nafaka."

Akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi, akamwita jirani aje aone. Jirani akaikagua picha juu hadi chini kama mnunuzi mnadani.

"Huyu ng'ombe, au mbwa kavalishwa pembe?"

"Ng'ombe, shangazi. Yule wa kwenye kalenda yako ndiye hajafika, bado anapanda mlima."

Mama akaunyoosha mkono, akagusa tumbo. "Mtama huu unafanana na wa bibi yako," alisema taratibu. Nikaenda chooni, ingawa sikuwa na haja.

Tangu hapo sikutulia. Mama akitazama mawingu, mimi namtazama mama. Watu wote wa Shinyanga waliomba mvua. Mimi peke yangu niliomba jua, na nadhani nilisikilizwa nusu, maana yalikuja manyunyu tu. Bati letu likavuja, maji yakateremka ukutani hadi mgongoni kwa ng'ombe. Baada ya siku chache nikaona ameota manyoya meupe. Nikasogea. Si manyoya, ni mizizi! Nilianza kumnyoa kwa kucha, lakini kila nilipong'oa moja niliona nyingine.

Mvua yenyewe ikashuka alfajiri, ikapiga bati kwa ngumi. Mama aliamka akipiga vigelegele, akateremsha kibuyu, akakimimina kwenye ungo. Majivu. Akapepeta. Majivu. Akakitikisa kibuyu sikioni. Kisha akageuka polepole, akamtazama ng'ombe aliyechipua, halafu mimi.

Hakunipiga. Alimng'oa ng'ombe ukutani mzimamzima, akamweka kichwani, akaniashiria jembe. Tukapita mjini katika mvua, mama mbele na ng'ombe wake, mimi nyuma.

"Mama, huyo anapelekwa josho?" mwendesha baiskeli mmoja akauliza.

Mama akaongeza mwendo.

Shambani tulimchana vipande vidogo, boksi limelowa kama ugali. Tulifukia sikio, tukafukia nundu, tukafukia tumbo kidogo kidogo. Zilizochipua tulizilaza kwa vidole. Zilizokaa kimya tulizifukia hivyo hivyo. Nilitaka kuuliza kama zitaota. Mama akajinyoosha, akajifuta tope usoni kwa kiwiko, akaitazama mistari yetu iliyopinda, akasema:

"Mtama ukiota, nitamwambia bibi yako kwamba ni mbegu yake. Usipoota, utakwenda Bukombe kumwambia wewe, na utamwambia umepiga magoti."