Mwarobaini wa Uani

Wiki iliyopita nilienda Kariakoo kununua mapazia, nikajikuta ndani ya ghorofa lililojengwa pale ilipokuwa nyumba yetu. Nilipatambua kwa msikiti ulio ng'ambo ya barabara. Muuzaji anapima kitambaa, mimi nimejishika kifundo cha mkono, nasikiliza kama mshipa unapiga. Usinicheke, mwenzangu, nisikilize kwanza.

Uani kwetu palikuwa na mwarobaini. Chini yake ndiko kulikokaa jiko la mkaa na mbuzi ya kukunia nazi, na kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia majani na vile vitunda vya njano vilivyonata nyayoni. Kitovu changu kilizikwa kwenye shina lake. Bibi alipenda kuwaambia wageni, "Huyu na huu mti ni pacha. Ukistawi, naye anastawi." Wageni walicheka, wakaendelea na kahawa yao. Mimi sikucheka hata siku moja. Tawi likikauka nilijikagua mwili mzima.

Kisha baba mdogo akauza nyumba, na tukaambiwa mti utakatwa kwanza, sisi tuhamie Magomeni. Usingizi ukanikimbia. Wiki hiyohiyo mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba mwarobaini si wa kwetu, asili yake ni huko India, na siku hizi umeenea Sudan, Nigeria, hata Australia. Wenzangu walisinzia. Mimi nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, ukikatwa mmoja, ile mingine ya huko inaweza kuusaidia?"

Darasa zima likaangua kicheko. "Mti ni mti, wewe. Kaa chini," akasema mwalimu.

Walikuja asubuhi, wanaume wawili na mashoka. Nilikataa uji, nikaingia uvunguni mwa kitanda. Bibi alinivuta miguu, akaniketisha naye kwenye mkeka palepale uani, akanishika kifundo cha mkono. "Tulia, mjukuu wangu. Hakuna kitu." Kila shoka likitua nilifumba macho. Kisha mti ukalalama, ukaanguka, vumbi na harufu chungu ya majani vikatujaa puani. Nikangoja. Nilipofumbua macho nilimwona bibi amelowa jasho, midomo yake inacheza kwa dua, na mkono wangu bado hajauachia.

Leo nyumba haipo, mti haupo, bibi mwenyewe tulishamzika. Mwarobaini nauona kila ninakosafiri, na kila nikiuona namkumbuka yeye. Miaka yote nimeamini alinishika ili nisiogope. Wiki iliyopita, mbele ya yule muuzaji, vidole vyangu vikiwa palepale vilipokuwa vyake, ndipo nilipoelewa: alikuwa anausikiliza mshipa. Aliyaamini yote aliyowaambia wageni, na alikaa pale kwenye mkeka akingoja kuona kama nitakufa.