Maji ya Mgongo Wangu Yalipopanda Ndege

Nawasalimu nyote mtakaosoma haya, hasa nyinyi mnaoshinda na moto, asidi na mafuta machafu. Mimi ni Sadiki, fundi wa betri wa Nyakabanda. Ninaandika kwa mkono wa kulia, mkono ambao mwaka jana haukuweza kushika hata kijiko. Kwa hiyo mkiona mwandiko umepinda, uvumilieni. Umetoka mbali.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kucheka na kuota mchana. Karakana yetu iko nyuma ya nyumba ya mama, na tuliirithi kwa baba. Kaka yangu Issa alikaa mbele, kando ya barabara, akichaji betri na kubishana na wateja. Mimi nilikaa nyuma, penye moto. Tulinunua betri zilizokufa kwenye magereji ya Gatsata, tukazipasua, tukatoa sahani za risasi, yale madini mazito ya kijivu, tukaziyeyusha kwenye sufuria ya chuma juu ya mkaa na kumimina sahani mpya. Tangu vita vianze kule kaskazini kila nyumba ilitaka redio yake isizime, na redio inataka betri. Kazi haikuisha.

"Kaka," nilimwambia Issa, "iko siku nitawasha taa kilima hiki kizima kwa betri zangu."

"Anza na taa ya choo, sha," alinijibu. "Jana nimekanyaga kuku wa mama."

Tulikuwa na desturi moja. Tukimaliza kumimina, mkaa ukiwa bado mwekundu, tulifukia viazi vitamu kwenye jivu lile lile. Baba ndiye aliyeianzisha. Alisema kiazi cha karakana kina utamu ambao cha jikoni hakina, na kweli kilikuwa nao. Issa hakula, kiungulia kilimsumbua. Mimi nilikula vyangu na vyake.

Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Alianza kwa kusahau, kisha akawa anagombana na watu wasiokuwepo, mwishowe akawa hamtambui mama. Hakuwa mzee. Mtaani walisema ukoo wetu una ugonjwa wa kichwa. Mama hakubishana na mtu. Jina la baba likaacha kutajwa nyumbani kwetu.

Ugonjwa wangu ulianza tumboni. Tumbo lilijikunja kama nguo inayokamuliwa, na choo nikakikosa siku nyingi. Mdomoni nilikuwa na ladha ya msumari. Mama alinipa maji ya mwarobaini, nikatapika. Kisha kichwa kikaanza kuuma kwa ndani, nyuma ya macho. Nikawa mkali. Mimi, niliyekuwa nalia mbwa wa jirani akiumia, nilimrushia mteja koleo kwa sababu aliniuliza bei mara ya pili.

Halafu nikaanza kusahau. Niliunganisha chanya na hasi, cheche zikaruka, Issa akapiga kelele. Nilisimama kuswali adhuhuri, nikapotea katikati, nikaanza upya, nikapotea tena, mpaka nikakaa juu ya mkeka nikalia. Siku moja nilikwenda Gatsata kuchukua betri, njia niliyopita maisha yangu yote, nikajikuta Nyabugogo kwenye kelele za mabasi bila kujua nyumbani ni upande gani. Mwanamke muuza ndizi alinishika mkono. "Mwanangu, wewe ni wa nani?" Nilijua jina la mama. La mtaa lilikuwa limenitoka.

Mama aliisikia habari hiyo. Aliweka sahani chini, akanitazama kama mtu anayetazama picha ya zamani. Nilijua anamwona nani.

Muda si mrefu kiganja cha kulia kikalegea, kikaning'inia kama cha mwanasesere. Asubuhi moja nikaanguka karakanani nikitetemeka, povu mdomoni. Issa alinibeba mgongoni hadi barabarani, tukapata gari la kunipeleka hospitali.

Daktari aliyenipokea alikuwa mtu wa Bukavu, aliyesomea Ubelgiji. Alikuwa mnene, mpole, na alisema Kiswahili cha kwao. Kabla hajauliza lolote mama alimwambia, "Dokta, ni ule wa baba yake." Basi habari zikawa za baba. Alianzaje, alisahau nini, babu naye je? Kuhusu mimi waliandika "fundi", wakaishia hapo.

Nilipopata nguvu kidogo nilimuuliza, "Dokta, ubongo wangu unakufa?"

"Sijajua bado. Sitakudanganya." Alikaa kando ya kitanda. "Sikiliza. Ndani ya ubongo kuna protini moja, inaitwa tau. Inashikilia nyuzi za ubongo zisilegee. Ubongo ukianza kuharibika, tau inavuja, inaingia kwenye maji yanayouzunguka na kushuka mpaka kwenye uti wa mgongo. Kule nilikosomea wenzangu wametengeneza kingamwili za kuikamata."

"Kingamwili ni kitu gani?"

"Ni askari wa mwili. Kila mmoja anajua sura moja tu, nyingine zote anaziacha zipite. Hawa wa maabara wanajua sura ya tau. Unawapa maji ya mgongo, wanaikamata, rangi inatokea. Tau ikiwa nyingi, rangi inakoza. Ikiwa kidogo, rangi inafifia."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu nianguke. "Kumbe ni kama asidi ya betri! Sahani zikifa zinamwaga matope. Sisi tunavuta asidi kidogo kwa mrija, tukiona imechafuka tunajua humo ndani mambo yameharibika, bila kupasua betri."

"Ni hivyo kabisa! Lakini usikiweke juu sana kipimo hiki. Ni kipya, bado wanakijaribu. Kinaweza kutuonyesha njia, si kutuhukumu."

Mama alikataa nitolewe maji hayo ya mgongo. Kwanza alisema mgongo hauchomwi, mtu anapooza. Issa akamjibu kwamba mkono umeshapooza bila kuchomwa. Ndipo mama akatoa lililokuwa moyoni. "Sitaki kujua. Nikijua ni ule, nitakuwa namzika kila asubuhi akiwa hai. Nilishafanya hivyo mara moja."

Hata Issa aliinama.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye ninayesahau. Naomba nijue wakati bado ninaweza kuelewa jibu."

Alinishika sikio, kama alivyonishika nikiwa mdogo, akalivuta taratibu. Hiyo ilikuwa ruhusa yake.

Walinilaza kwa ubavu, magoti kifuani, nimejikunja kama mtoto tumboni. Sindano iliingia chini ya mgongo, nikasikia umeme ukishuka mguuni. Nilidhani maji yatakuwa machafu. Yalikuwa meupe kama ya chemchemi, tone kwa tone. Baadaye kichwa kiliniuma vibaya kila nilipoinuka, lakini kilipona. Kichupa cha maji hayo kikafungwa kwenye barafu, mtu anayesafiri akakipeleka Ubelgiji.

"Wewe hata Gisenyi hujafika," Issa alinitania, "na maji yako yameshaona Ulaya."

Nikiwa wodini nilianza kupata nafuu bila mtu kujua sababu. Wakaniruhusu nikasubiri jibu nyumbani. Mama akataka nirudishe mwili. Kila jioni alikwenda mwenyewe nyuma, akanichomea viazi kwenye jivu la karakana, kwa kuwa alijua ninavipenda. Alinimenyea, akanilisha kwa mkono wake, kwa sababu wangu haukushika.

Hali ikageuka haraka. Tumbo likarudi, kichwa kikarudi, siku moja nikamwita Issa kwa jina la baba. Wakanirudisha hospitali, na safari hii mama alibeba shuka nyeupe ndani ya mfuko wake. Alidhani sijaiona.

Daktari alikuja na jibu. Alisimama mlangoni, akampa mama kiti kwanza.

"Tau iko kidogo," alisema. "Kama ya mtu yeyote mwenye afya. Askari wale wamekosa cha kukamata."

"Maana yake?" mama aliuliza.

"Siwezi kuapa. Lakini ubongo unaooza ungevuja, na huu hauvuji. Unaumizwa, mama. Haufi. Basi kuna kitu kinauumiza, na kitu tunaweza kukitafuta." Akanigeukia. "Tuanze kama vile sijawahi kukuona. Baba tumwache apumzike. Fungula kinywa."

Nikafungua. Alivuta mdomo wa chini, akawasha kurunzi, akasogea karibu. Kwenye fizi zangu, pale zinapokutana na meno, kulikuwa na mstari wa bluu iliyoiva.

"Unatumika kazi gani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa betri, Dokta. Nilikuambia ya asidi."

Alijipiga paji la uso. "Umeniambia, na mimi nikasema ni hivyo kabisa! Risasi mnaiyeyushia wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Na chakula mnapikia wapi?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa fahari, maana alidhani anaulizwa kama ananitunza. "Kula anakula vizuri. Namchomea viazi pale pale, kwenye jivu la kazi."

Daktari aliuchukua mkono wa mama akaushika kwa mikono yake miwili kabla ya kumweleza kwamba risasi ni sumu ya ubongo, na mstari ule wa fizi ndio alama yake. Damu yangu ilipopimwa ilikuwa imejaa risasi. Ilikuwa inaingia na kiazi, na moshi, na vidole vyangu vyeusi.

Dawa iliagizwa kutoka nje. Ilipita kwenye mshipa tone kwa tone, ikaifunga risasi ndani ya damu na kuitoa kwa mkojo. Nilikojoa sana, ndugu zangu, na kila nilipokojoa nilishukuru. Tumbo lilinyamaza kwanza. Kisha kichwa. Mkono ulichelewa. Kidole kimoja kiliinuka, kikaanguka, kikainuka tena siku nyingine. Nilipoweza kuswali adhuhuri mwanzo hadi mwisho bila kupotea nilibaki sijdani mpaka Issa akaja kuangalia kama nimezirai. Yako majina ya watu ambayo hayajarudi. Nikikupita bila kukuita, niite wewe.

Siku ya kutoka mama alimuuliza daktari, "Na baba yao?"

"Mama, siwezi kupima aliye kaburini. Fizi zake zilikuwaje?"

Mama alifikiri. "Alizisugua kwa mkaa na chumvi. Zilikuwa na weusi, hautoki. Alikuwa anaona aibu kucheka."

Daktari aliinamisha kichwa.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule na wenzake wa mbali ambao sitawaona. Nawashukuru mama na Issa, ambaye naye sasa amepimwa damu, na tumehamisha moto mbali na nyumba. Fundi mwenzangu, usile penye kazi. Nawa mikono na uso, vua nguo za kazi kabla hujambeba mtoto, na kiazi chako kichomwe jikoni hata kama utamu utapungua. Ukipeleka mgonjwa hospitali, mweleze daktari anashinda wapi na anashika nini, kabla hujamwambia ukoo wake una nini. Na kipimo usikikimbie. Kwetu tulikiogopa, nacho ndicho kilichonifungulia mlango.

Jioni tuliyorudi nyumbani, majirani wanawake walikuja kutuona, wakajaa uani. Mama aliwapa chai. Kisha akasimama katikati yao, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto nikamsikia akitaja jina la baba.

"Yusufu wangu," alisema, "hakuwa na kichaa. Kazi ndiyo iliyomtia ugonjwa, akitulisha."