Kifungo Chekundu kwenye Gunia

Mke wa seremala alikuwa fundi cherehani. Jioni akishafunga kazi, huchukua upinde, futi bado inaning'inia shingoni, akaenda nyuma ya karakana ya mumewe kulenga shabaha. Shabaha yenyewe lilikuwa gunia walilolijaza wawili: yeye vipande vya nguo, mume maranda. Katikati alishona kifungo chekundu.

Alilenga kwa ncha ya mshale. Anavuta uzi hadi kona ya mdomo, anafumba jicho la kushoto, anapima nafasi kati ya ncha na kifungo, anaachia. Watu wakistaajabu, mumewe hujibu, "Upinde huo nilimchongea nikimposa. Sikujua najitafutia balaa."

Kisha jicho la kulia likaingia ukungu. Akadhani ni mtoto wa jicho, akaenda hospitali na mumewe bila wasiwasi. Daktari akamwambia ni presha ya macho; nuru iliyopotea hairudi, dawa ya matone italilinda la pili tu.

Walipofika mlangoni kwao akasema, "Bora angekuwa mtoto. Mtoto akikua huondoka nyumbani."

Mume akacheka, akamshika mkono.

Cherehani ilimvumilia, upinde ukakataa. Akilenga kwa jicho la kushoto, mishale inakwenda kombo na kugonga ukuta. Akajaribu kubadili mikono. "Huu mkono kama wa kuazima," akasema, akautundika upinde kwenye msumari. Ukashika vumbi. Seremala akawa anaupita kila asubuhi, haugusi.

Siku moja paka wa jirani alijilaza juu ya gauni la bibi harusi, limekatwa tu halijashonwa. Fundi akavua kandambili, akaivurumisha. Ikampata paka barabara, akatoka mbio.

"Umelengaje?" mumewe akauliza.

"Nilenge nini? Nimemwangalia paka."

"Hukupima nafasi?"

"Mzee wangu, usinichokoze."

"Sikuchokozi, mama. Sahau mshale. Fumbua macho yote, mwangalie paka."

Akanuna mchana kutwa. Lakini jioni aliufuta upinde vumbi. Mume akalisogeza gunia karibu mno, karibu kiasi cha kumtia aibu. Akavuta, akaachia, akakosa. Akakosa tena. Machozi yakamlengalenga.

Seremala alikwenda kuichomoa mishale, akaileta taratibu. "Bado unauchungulia mshale," akasema. "Mazoea yana taabu."

Safari hii alitazama kifungo peke yake, tena si kifungo kizima: tundu moja lililopitishwa uzi. Mkono ukajua njia ya kwenda mdomoni. Mshale ukatua kando kidogo ya kifungo, ukazama kwenye maranda.

"Rudisha gunia nyuma," akaamuru.

"Haya, bosi."

Mbali sana hakuweza tena. Kwenye mashindano ya upinde hata wanagenzi walimshinda, naye akawapigia makofi. Lakini nyuma ya karakana aliendelea jioni kwa jioni, na hukosi kumkuta mumewe amesimama nyuma yake, akimnyanyua kiwiko kidogo kwa vidole viwili. Kiwiko hakikuwa na kasoro yoyote. Mke alilijua hilo, akamwacha akinyanyue.