Nyumba Yangu, Jina la Kaka

Nina hasira ya miaka mitatu, na nimeitunza vizuri kama kitenge cha sikukuu. Watu wazima wenye akili zao wameniambia niiache, nyumba si nimeipata? Nimeipata, ndiyo. Ninaandika nikiwa nimekaa ndani yake. Lakini nisikilizeni kwanza, halafu mniambie kama ningeweza kucheka.

Mimi ni fundi cherehani. Sare za shule nilizoshona hapa Kasulu ukizipanga barabarani zitafika Nyarugusu na kurudi, na zitabaki za kufuta vumbi. Miaka yote hiyo nilishona kwenye vyumba vya kupanga, mashine nne zimebanana kama kondoo kwenye mvua. Kabla ya hapo niliishi Kibondo kwa mume wangu. Alipofariki, shemeji zangu walikuja na karatasi, wakanionyesha kwamba nyumba ni ya ukoo na jina langu halimo. Labda lilikuwemo! Labda iliandikwa kwamba wananidai mbuzi! Sikujua kusoma. Nilitazama ile karatasi kama unavyotazama mvua ya mbali, nikafunga mizigo.

Ndiyo maana nilipofika Kasulu nilijiandikisha masomo ya jioni. Niliingia darasani nikiwa mkubwa kuliko mwalimu, na kiti kilivunjika siku ya kwanza. Nilianza na herufi, nikatoka na cheti cha kidato cha nne, na tangu hapo nasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Nikajiapia kwamba nyumba nitakayoishi tena itakuwa na jina langu, herufi kwa herufi.

Nyumba niliyoipenda ipo kwenye mtaa ambao kuta zake zinasikilizana. Kushoto kuna mwenye duka la misumari na mabati, Mwislamu ambaye babu yake alitokea pwani akasahau kurudi. Kulia kuna familia iliyotoka Burundi zamani, sasa raia kama mimi, na kwaya yao ikifanya mazoezi misumari ya paa inalegea. Jirani yangu wa duka anasema ndiyo maana biashara yake haifi. Nyumba yenyewe ilijengwa na mzee mmoja na mkewe kwa matofali ya kuchoma. Vyumba vitano, mabati yaliyogeuka rangi ya chai, na baraza inayotazama barabara. Baraza ile! Ukisimama pale unaiona Kasulu nzima, na ukikaza macho unaiona kesho kutwa. Niliziona mashine zangu nne zimepangwa pale zinapumua.

Mzee alikuwa ameshafariki. Mjane wake alitaka kwenda kukaa na binti yake Rungwe Mpya, kwenye shamba, na watoto wake wawili wa kiume ndio waliokuwa wanauza. Nilikwenda kuiona nyumba mara kumi na moja. Nilizijua nyufa zote. Siku ya kukubaliana, mkubwa wao akatazama nyuma ya bega langu.

"Sasa mama, mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?"

"Mnunuzi."

"Unaongea naye."

Walicheka kwa adabu, kama wanaocheka na mgonjwa. Wakanieleza kwamba kwa ukoo wao nyumba ya baba haikabidhiwi hivi hivi. Mtungi wa pombe ya ndizi unawekwa uani, majirani wanaitwa, na upande wa mnunuzi mwanaume anatangulia kuvuta mrija. Akishavuta, nyumba imepokelewa. Mwanamke peke yake hapokei.

"Na kama mwanamke hana mwanaume?"

"Kila mtu ana kaka," akasema yule mdogo.

Kweli, ninaye. Nikampigia simu kaka yangu aliyeko Kumsenga. Nikamwambia njoo uvute mrija, kazi yako ni hiyo tu, mrija. Akaja asubuhi na bodaboda, kavaa koti la harusi yake, koti lenye umri mkubwa kuliko barabara ya lami. Aliingia uani akapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayekagua ng'ombe. "Si mbaya," akasema. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona.

Majirani wakaja. Mwenye duka akapewa soda yake, baba wa kwaya akakaa karibu na mtungi kuliko Injili inavyoshauri. Mwenyekiti wa mtaa akaweka meza, karatasi, mhuri, kidau cha wino. Kaka akavuta mrija, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nyuma nikisaidia kupakua wali. Katika siku ya kununua nyumba yangu mwenyewe, nilikuwa napakua wali!

Nilipotoka na sinia, karatasi ilikuwa imeshazunguka. Watoto wamesaini, mashahidi wamesaini, kilichobaki ni kidole gumba cha mjane na mhuri. Nikafuta mikono, nikasema naomba niisome.

"Mama, haya ni mambo ya kisheria," mwenyekiti akasema. "Iko sawa."

"Basi haitaumia ikisomwa."

Nikaisoma. Mnunuzi: jina la kaka yangu. Jina lake, la baba yetu, la babu yetu, yote matatu yamejipanga vizuri, na chini yake saini yake yenye mkia mrefu kama wa tumbili. Kaka yangu ni mtu aliyemaliza darasa la saba. Alijua kusoma miaka mingi kabla yangu. Aliona, akasaini!

"Kaka, hii nini?"

"Aa, dada. Waliuliza nani amepokea, nikasema mimi. Ningekuandikia baadaye."

"Baadaye lini? Nikishakufa?"

"Usinitie aibu mbele za watu."

Aibu! Nilitaka kulirusha lile sinia mpaka Kigoma mjini. Lakini mjane, aliyekuwa kwenye mkeka kimya tangu asubuhi, akaniita mwanawe kwa Kiha.

"Mwana wanje, soma kwa sauti. Mimi sijui kusoma."

Nikasoma kwa sauti ambayo kwaya ya jirani haijawahi kuifikia. Nilipomaliza akauliza, "Huyo mnunuzi ndiye huyu wa koti?"

"Ndiye, bibi."

"Amekuja hapa mara ngapi?"

"Leo."

Mwenyekiti akamsogezea wino. Yule bibi akakifunga kidole gumba chake ndani ya upindo wa khanga.

"Mama," mtoto wake mkubwa akaanza.

"Nyamaza. Matofali haya nimeyabeba kichwani wewe ukiwa tumboni. Na kwenye karatasi ya kwanza ya nyumba hii sikuandikwa, nikaambiwa baadaye. Kidole changu kitatoka likiandikwa jina la huyu mama."

Mwenyekiti akalalamika kwamba karatasi imeisha. Mwenye duka akaweka soda chini, akavuka kwenda dukani kwake, akarudi na karatasi mpya. "Mwandikie mama wa watu," akasema, "ninahitaji jirani mwenye sauti kama hiyo." Ikaandikwa upya. Niliisoma mara tatu, wali ukapoa, hakuna aliyethubutu kuugusa. Kisha kidole kikatoka kwenye khanga, mhuri ukagonga. Na mrija? Niliuchukua mwenyewe, nikavuta mpaka mtungi ukakohoa. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa bibi.

Sasa niambieni hasira iishe vipi. Mwezi uliopita kaka alikuja kunitembelea. Nilimkuta kwenye baraza, katikati ya mashine zangu, anamwonyesha mwenye duka paa langu kwa kidole. "Haya mabati ya nyumba yangu nitayabadilisha mwakani," anasema. Nasikia Kumsenga nzima inajua kwamba ana nyumba Kasulu, na kwamba dada yake anamtunzia.

Nilimkaribisha. Kaka ni kaka, nikampa kiti kizuri na chai ya maziwa. Lakini kabla hajagusa kikombe nilikwenda chumbani, nikafungua sanduku, nikarudi na mkataba. Nikamsomea wote mbele ya jirani, kuanzia juu mpaka kwenye mhuri, polepole, naye amekaa na koti lake, chai ikipoa.