Mzigo wa Ghala la Bunduki

Nilipokuwa mtoto, Kariakoo nzima ilikuwa inaniogopa, isipokuwa jengo moja. Mbwa wa Msimbazi walikuwa wananiamkia, ukibisha shauri yako. Lakini lile ghala la zamani la bunduki, nyuma ya maduka ya kamba, halikunijali hata kidogo.

Ukuta wake ulikuwa wa mawe na chokaa, mnene mpaka joto likianza kuingia Januari linafika ndani Juni. Wazee walisema Wazungu walipopigana ile vita yao ya kwanza, bunduki zilikaa humo. Wapagazi walipangwa mlangoni, kila mmoja akatwikwa sanduku la risasi, haoo, bara. Wengi hawakurudi. Ndiyo maana mtaani kwetu hakuna aliyepita pale kichwa kitupu. Ukipita kichwa kitupu, utatwikwa. Basi unamuona mtu mzima na kanzu yake ya Ijumaa, kandambili kaiweka utosini, anapita kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nabeba tofali. Tofali lenyewe kubwa, lilikuwa na dirisha.

Bibi, mama yake mama, hakuwa anacheka. Baba yake alichukuliwa pale yeye angali tumboni.

"Baba bado kasimama humo na sanduku lake," alikuwa akisema. "Mzigo wa kutwikwa hujitui mwenyewe. Mpaka mtu akutue."

Siku moja ikaja habari kwamba mwenye jengo kaliuza, kesho linavunjwa. Bibi hakumaliza hata kumenya muhogo. Akanishika mkono mpaka dukani kwa Mzee Kanji, muuza kamba, ndiye aliyekuwa anatunza ufunguo.

"Nifungulie ghala."

"Mama, dari lile linashikiliwa na dua tu. Likikuangukia nitawaambia nini wanao?"

"Waambie nilikuwa na haraka."

"Mama, jamani..."

"Kesho tingatinga likipita, baba yangu nitamtua wapi, Kanji? Kwenye kifusi?"

Mzee Kanji akainuka. Akachukua ufunguo, halafu akajitwika bunda la kamba kichwani, yeye na Uhindu wake. "Mimi sina ndugu humo," akasema, "lakini shingo yangu naipenda."

Mtaa mzima ukaja kutazama. Mimi nikanyakua sufuria ya jirani, nikaiweka kichwani. Mlango ulipofunguka, Bibi akavua mtandio. Kichwani akaweka ngata peke yake, ile kata ya kanga ya kubebea ndoo. Hana kitu juu yake.

Mama muuza vitumbua akapiga yowe. "Bibi! Utatwikwa!"

"Ndicho nilichofuata," Bibi akajibu, akaingia.

Nikamfuata. Si ushujaa, mkono wangu alikuwa bado kaung'ang'ania. Ndani kulikuwa na popo wakubwa kama mbuzi. Bibi akasimama katikati, akaniachia, akainua mikono yote miwili, kama unavyompokea mtu aliyetoka mbali na mzigo.

"Baba," akasema, "ni mwanao. Hukuniona. Tua sasa, mimi nimeshika huku."

Sufuria ikaanguka kutoka kichwani mwangu. Kishindo chake walikisikia Zanzibar. Nje watu wakatawanyika. Mzee Kanji na kamba zake alikuja kusimama Buguruni. Bibi hakushtuka. Akashusha mikono taratibu, akavua ngata, akaiweka sakafuni.

"Ametua," akasema. "Twende, muhogo utakauka."

Tangu siku hiyo akawa anapita pale kichwa kitupu, mpaka walipomaliza kuvunja.

Leo pale pana ghorofa la vitenge na makava ya simu. Vijana wa mizigo wanapita na marobota vichwani, wengi wametoka Kusini, hawajui kitu. Shule mimi niliiacha mapema, mwalimu akafanya sherehe, kwa hiyo historia ya vitabuni usiniulize. Na chumvi naongeza kwenye kila kitu, hata chai. Lakini ile sufuria siiongezei punje: shingo sikuitikisa.

Kwa hiyo kijana akisimama pale mlangoni, jasho linamtiririka, akasema, "Mzee, nitue," huwa simngoji amalize. Naweka chini nilichobeba, nashika upande.